Maji Yanayochemka na Mvuke: Namna ya Kuwaua Kunguni Nyumbani

Huenda umeamka asubuhi ukaona alama nyekundu mgongoni mwa mtoto, tatu au nne zimefuatana kama nyayo, na juu ya shuka vitone vidogo vya damu. Ukainua mkeka, ukasikia harufu nzito yenye utamu mbaya, nawe ukamwona: mdudu bapa, rangi ya kahawia, urefu wake kama nusu sentimeta, akikimbilia ufa wa kitanda. Huyo ni kunguni.

Kwanza ujue ya kuwa kunguni si alama ya uvivu wala ya uchafu. Yeye hali takataka. Chakula chake ni damu tu, na damu ya mtu msafi ni nzuri kwake sawasawa na damu ya mtu mwingine. Hana mabawa ya kumrusha. Huja nyumbani kwako akibebwa: ndani ya mkeka ulionunuliwa, ndani ya godoro la mgeni, katika gunia lililolala usiku ndani ya lori, katika begi la kijana aliyetoka machimboni ambako watu wengi hulala kibanda kimoja. Na katika nchi yetu ya Masisi na Walikale anayo njia nyingine iliyo kubwa kuliko hizo zote, ndiyo njia ya watu wanaokimbia vita. Tangu vita ya mwaka 1993 watu wa sehemu hizi wamejitwika mikeka yao mara nyingi, na tena mwezi wa Machi 2025, M23 walipoingia Walikale-kati. Mtu hulala shuleni, au kanisani, au kwa ndugu yake, jamaa tatu chumba kimoja. Anaporudi kwake, kunguni hurudi pamoja naye.

Tena wako wale walioachwa katika nyumba tupu. Usidhani ya kuwa nyumba iliyofungwa miezi mitatu imesafishwa na njaa. Kunguni mkubwa huweza kukaa miezi mingi pasipo kula, na penye baridi, kama huko juu katika milima ya Masisi, hata karibu mwaka mzima. Hukaa ndani ya ufa wake akikungoja.

Basi aliye na kunguni asifiche jambo hili kwa haya. Akificha, jirani yake atawapata pia, na hata mwenyewe akiwamaliza kwake, watarudi kutoka kwa yule jirani aliyefichwa.

NAMNA ALIVYO

Mchana kunguni hujificha, usiku hutoka, hasa zile saa za mwisho kabla ya jua kupambazuka. Kabla ya kula mwili wake ni mwembamba sana. Hupenya ufa unaoweza kupokea karatasi tu. Hufuata joto la mwili wako na pumzi yako, hunyonya kwa dakika tano mpaka kumi, kisha, akiwa amevimba na kuwa mwekundu, hurudi mahali pake. Hakai mwilini kama chawa, na hili ni jambo la kutusaidia, kwa maana twajua pa kumtafuta. Yuko karibu na pale unapoweka kichwa chako: katika viungo vya kitanda, katika mshono wa godoro, ndani ya mianzi, nyuma ya nguzo, chini ya ukingo wa mkeka, katika mikunjo ya vikwembe vilivyotundikwa ukutani.

Jike hutaga yai moja mpaka matano kwa siku, na katika maisha yake huweza kufikisha mayai 200 au kuzidi. Yai ni jeupe, urefu wake milimeta moja tu, tena limegandishwa kwa gundi, hata ufagio hauliondoi. Katika joto la Walikale huanguliwa baada ya siku 6 mpaka 10. Mahali pa baridi hukawia zaidi. Mtoto akitoka hubadili ngozi mara tano, na kila mara kabla ya kubadili sharti anywe damu.

Ushike sana habari hii ya mayai, kwa sababu ndiyo inayowashinda watu wengi. Huwapiga kunguni kwa kiatu, huwaponda kwa kucha, huona furaha ya siku mbili. Na juma la pili nyumba imejaa tena. Waliponda wazazi, wakaacha watoto ndani ya mayai.

MBONA TUSINUNUE DAWA TU?

Swali hili ni la haki, maana dawa huuzwa katika kila soko. Baada ya vita kuu iliyokwisha mwaka 1945 dunia nzima iliisifu dawa ya DDT, na kweli kunguni wengi walikufa. Lakini mwaka 1947 huko Pearl Harbor, katika visiwa vya Hawaii, walikwisha kuonekana kunguni ambao DDT haikuwaua. Wachache wasiokufa walizaa watoto wasiokufa, na hao wakajaza nyumba. Ikawa vivyo hivyo kwa dawa zilizofuata.

Wala usidhani haya ni mambo ya mbali. Katika vijiji vya kaskazini-mashariki mwa Tanzania watu walipopewa vyandarua vyenye dawa ya kuua mbu, mwanzoni kunguni nao walitoweka, na watu walivipenda vyandarua vyao kwa ajili hiyo. Baadaye kunguni wakarudi, na mwaka 2002 wataalamu waliandika ya kuwa kunguni wa vijiji vile hawafi tena kwa dawa za jamii ile. Dawa nyingi za kupuliza zinazouzwa madukani ni za jamii hiyo hiyo. Unatoa fedha yako, unasikia harufu kali, unaamini umefanya kazi, na kunguni amekaa katika ufa wake, hana habari.

Kubaya zaidi ni sumu za mashamba. Huuzwa kwa kupimwa katika chupa ndogo zisizo na jina, chupa za maji au za soda, na watu huzimwaga juu ya godoro. Mtoto anayelala juu ya godoro hilo huivuta sumu usiku kucha, tena huiingiza kwa ngozi yake. Ukimwona mtoto anatokwa na mate mengi, anatapika, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, naye anapumua kwa shida, usingoje asubuhi. Mvue nguo zenye sumu, mwoshe kwa maji na sabuni, mlete hospitalini mara moja, nawe ulete ile chupa tuione.

Mdudu huweza kuizoea dawa. Maji yanayochemka hawezi kuyazoea.

JOTO KIASI GANI?

Wataalamu wamepima jambo hili. Katika joto la digrii 45 kunguni mkubwa huishi zaidi ya saa moja kabla ya kufa. Katika digrii 48 hufa kwa dakika 20 hivi, lakini mayai yake huvumilia joto hilo hilo kwa zaidi ya saa nzima. Joto likifika digrii 50 na kupita, wazazi na mayai hufa upesi. Sasa linganisha: mwili wako una digrii 37, na maji ya moto ya kuoga yana kama 40. Kwa hiyo, usipokuwa na kipima-joto, ushike kanuni hii: maji ambayo mkono wako unaweza kukaa ndani yake, kunguni naye anaweza kukaa ndani yake. Maji yanayofaa ni yale ambayo kidole hakiwezi kuyangojea.

Maji yanayochemka hapa Walikale yako chini kidogo ya digrii 100. Huko Masisi juu milimani huchemka yakiwa na digrii kama 95. Hayo yote yanazidi sana joto tunalolitaka. Shida si kulipata joto. Shida ni kulifikisha mahali kunguni alipo, maana maji hupoa njiani. Ukimwaga sufuria ya maji ya moto juu ya kitanda ukiwa umesimama, yanapofika ndani ya ufa hayana nguvu tena.

Huko Ulaya na Marekani kuna watu ambao kazi yao ni kupasha moto nyumba nzima kwa mashine, wakipuliza hewa ya moto kwa saa nyingi mpaka ndani ya kuta kupite digrii 50. Nyumba zao zimezibwa kila upande. Nyumba yetu ya miti na udongo, yenye paa la majani au la mabati, haiwezi kulishika joto kiasi hicho, kwa maana hewa hupita juu ya ukuta na chini ya mlango. Tazama jiko la mama: moto huwaka humo kila siku na moshi hujaa mpaka macho yalie, hata hivyo kitanda kilichomo kina kunguni. Basi kwa kuwa hatuwezi kulipeleka joto kwa kunguni, yatupasa kumpeleka kunguni penye joto, kitu kimoja kimoja, nje ya nyumba.

Hapa nataka kukuonya kwa nguvu. Watu wengine, wakisikia ya kuwa joto huua kunguni, huweka jiko la makaa ndani ya chumba, hufunga mlango na madirisha, huziba nyufa. Makaa yanayowaka penye hewa kidogo hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Anayeivuta huumwa kichwa, hulegea, husinzia, hufa. Kunguni hatakufa kwa hewa hiyo, utakufa wewe na watoto wako. Wala usimwage mafuta ya taa au esanse katika kitanda ili ukichome. Nyumba za watu zimeteketea kwa njia hiyo, na moto wa paa la majani haungoji mtu.

SIKU YA KAZI

Chagua siku ambayo asubuhi yake haina dalili ya mvua (katika Walikale si rahisi, lakini ziko). Kuni ziwe zimekusanywa tangu jana, na maji yawe yametekwa. Kazi hii si ya mama peke yake. Baba na vijana wafungue kitanda na kubeba. Watoto wadogo wapelekwe kwa bibi au kwa jirani, kwa sababu siku hiyo uwanja utakuwa na maji ya moto kila upande.

Nguo zote za kulalia, shuka, blanketi na vikwembe, uzifunge ndani ya shuka moja humo humo chumbani kabla ya kuzitoa. Ukizibeba wazi, kunguni wataanguka njiani, sebuleni, hata mlangoni, na umewatawanya wewe mwenyewe.

Nguo za pamba zitie zikiwa kavu katika ndoo ya chuma au sufuria kubwa. Mimina juu yake maji yanayochemka mpaka zizame, zisukume chini kwa mti, funika kwa kifuniko, ngoja nusu saa. Usiijaze ndoo mpaka juu. Nguo zikibanana sana, maji hupoa kabla ya kufika katikati, na katikati ndimo kunguni anamokimbilia. Kwa nguo zinazoharibika na maji yanayochemka, changanya vipimo viwili vya maji yanayochemka na kipimo kimoja cha maji ya mto. Utapata kama digrii 70. Ukichanganya nusu kwa nusu utapata kama 60, nayo hushuka upesi nguo zikiingia. Vikwembe vyenye rangi inayotoka viwekwe peke yake, usije ukageuza shuka zako zote kuwa za buluu.

Blanketi la sufu hupungua likichemshwa, na mto wa kulalia hukauka kwa shida. Vitu vya namna hii vinapenda mvuke. Mvuke ni njia nzuri kuliko zote kwa nyumba ya kijijini, tena kila mama anaijua, kwa maana ndiyo anayoitumia kuivisha muhogo uliofungwa katika majani. Twaa pipa la chuma, lililooshwa vizuri kama lilikuwa na mafuta. Weka mawe matatu ndani, na juu ya mawe panga vijiti vibichi viwe kama uchaga. Tia maji yasifike kwenye vijiti. Juu ya vijiti weka blanketi, mto, mikeka iliyolegezwa, hata magunia, lakini usivishindilie. Mvuke utafute njia ya kupita. Funika kwa majani ya migomba mengi, juu yake gunia lililolowa, juu yake jiwe. Washa moto. Usihesabu saa tangu moto ulipowaka, bali tangu mvuke ulipoanza kutoka kwa nguvu pande zote za kifuniko. Tangu hapo, nusu saa kwa vitu vyembamba, na saa nzima kwa blanketi nene au mto. Ukifunua, jihadhari: inua kifuniko kwa upande ulio mbali na uso wako.

Kitanda cha mbao kifunguliwe chote, mbao kwa mbao, huko nje. Usiogope kazi hiyo, maana kiungo kisichofunguliwa ni ngome yao. Tumia birika yenye mdomo mwembamba. Peleka mdomo wa birika karibu kabisa na ufa, umimine polepole, ukienda mbele kidogo kidogo, na birika ya pili iwe motoni ikingoja. Mashimo ya misumari usiyasahau. Kama kitanda kimefungwa kwa kamba za msituni, zikate zote uzitupe motoni, ukate mpya. Msitu hauna upungufu wa kamba. Nasema vivyo hivyo juu ya kitanda cha mianzi iliyopasuka. Ndani ya mwanzi mmoja kunguni mia wanaweza kukaa, na maji hayafiki mpaka mwisho. Ni afadhali uichome mianzi hiyo mbali na nyumba, ukakate mingine, kuliko kupigana nayo miezi sita.

Godoro lina shida yake. Kama limejazwa majani makavu, yatoe yote uyachome, gunia lake ulichemshe, ujaze majani mapya. Godoro la sponji halichemshwi. Fuata mshono wake kwa birika, pande zote, ukimimina maji yanayochemka na kusugua kwa brashi ngumu. Kisha likamue, ulisimamishe juani. Hukauka kwa siku mbili au tatu, na katika nchi yenye mvua kama hii yafaa uwe na mahali penye paa na upepo pa kulimalizia, lisije likaota ukungu. Likikauka, lishonee ndani ya mfuko wa nguo ngumu uliofungwa kila upande, usiwe na tundu hata dogo. Walio ndani watakufa humo kwa njaa, mradi usiufungue kwa mwaka mzima. Kama una pasi ya makaa, weka kitambaa kilicholowa juu ya mshono upige pasi polepole mpaka mvuke uingie. Mshono wa mto na ukingo wa blanketi hufaa sana kwa njia hii.

Je, nyumba yenyewe? Ukuta wa udongo usiumwagie maji ya moto, utauangusha. Mimina kwa birika katika miimo ya mlango na nguzo za mbao tu. Kisha kanda udongo, uzibe kila ufa wa ukuta karibu na kitanda, upake ukuta wote tangu chini mpaka urefu wa mtu. Kunguni aliyezibwa kwa udongo hana njia ya kutoka, na ukuta mlaini haumpi pa kujificha tena. Fagia sakafu, na takataka za ufagio uzitie motoni, si nyuma ya nyumba.

JUA

Wengi hutandika godoro juani, wakaamini limepona. Jua husaidia, lakini peke yake haliui. Upande wa juu ukipata moto, kunguni huhamia upande wa chini wenye kivuli. Ukiligeuza, naye hugeuka. Tena mawingu ya Walikale hayampi jua nafasi ndefu. Kama huna kuni za kutosha, waweza kuvitia vitu vyembamba ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, vikiwa vimetandazwa, si kurundikwa, ukaufunga, ukauweka juu ya bati lililolala chini, tangu saa nne asubuhi mpaka saa tisa. Kisha tia mkono katikati. Kama nguo ya katikati haikuunguzi mkono, kazi haijafanyika, na vitu hivyo viende kwenye pipa.

CHANDARUA KISITUPWE

Huonekana watu wameacha kulala chini ya chandarua kwa kuwa wameona kunguni katika pembe zake, wakasema chandarua ndicho kilicholeta kunguni. Si kweli. Kunguni hupenda mishono ya chandarua kama apendavyo mshono wowote ulio karibu na mtu. Kunguni hukunyima usingizi, lakini mbu huleta malaria, na malaria huzika watoto. Usibadilishe kero kwa kifo.

Ila chandarua chenye dawa kisichemshwe wala kisitiwe katika mvuke, maana joto huharibu dawa yake na nyuzi zake. Kitoe nje, kikung'ute juu ya shuka nyeupe, ukague pindo zote na zile pembe za juu, uwaponde unaowaona, usugue mayai yatoke. Kifue kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, ukianike kivulini.

KURUDIA

Hata ukifanya yote vizuri, yai moja katika ufa mmoja litabaki. Kwa hiyo weka alama katika kalenda: siku ya 10 na siku ya 20 baada ya siku ya kazi, rudia. Huko Masisi penye baridi rudia kila baada ya majuma mawili, mara tatu. Mara hizi kazi ni ndogo, si kama ile ya kwanza: nguo za kulalia zichemshwe, viungo vya kitanda vipitiwe kwa birika. Lakini mtu akiacha kurudia, amepoteza kuni zake zote.

Katikati ya siku hizo kitanda kisimame mbali na ukuta, shuka isiguse sakafu, na kila mguu uwe ndani ya kopo lenye maji ya sabuni. Maji hayo yabadilishwe mara mbili kwa juma, yasiwe nyumba ya mbu. Na kwa kuwa Masisi ni nchi ya maharage, nitakupa jambo moja la wazee wa mbali. Huko Bulgaria na Serbia watu walikuwa wakitawanya majani mabichi ya maharage sakafuni karibu na kitanda jioni. Asubuhi waliyakusanya yakiwa na kunguni walionaswa, wakayachoma. Watu walidhani ni hadithi. Mwaka 2013 wataalamu wa Marekani waliyatazama majani hayo kwa darubini, wakaona vinywele vyenye ncha kama ndoano vinavyochoma miguu ya kunguni na kumshika. Hayawamalizi, kwa kuwa mayai hayatembei. Lakini hupunguza, tena hukuonyesha kama bado wapo. Yatumie mabichi, maana yakinyauka hayashiki.

WANALETA UGONJWA GANI?

Watu hutuuliza kama kunguni huleta ukimwi, kwa sababu hunywa damu ya huyu kisha ya yule. La, haleti ukimwi, wala malaria. Usimtenge mgonjwa kwa sababu hiyo. Anacholeta ni mwasho, usingizi uliokatika, na vidonda vinavyooza kwa kukunwa na kucha chafu. Mtoto mchanga anayenyonywa na wengi kila usiku, tena chakula chake ni kidogo, huweza kuzidi kupungukiwa damu. Ukiona viganja vyake na midomo yake ya ndani imekuwa nyeupe, mlete apimwe. Sababu yaweza kuwa kunguni, yaweza kuwa malaria au minyoo, na huwezi kujua kwa kumtazama. Alama za kuumwa zioshwe kwa sabuni, na kucha za mtoto zikatwe.

Na kama siku ya kazi mtu ameungua kwa maji, papo hapo mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20, ukiondoa pete na nguo zisizogandamana. Usipake mawese, wala unga, wala dawa ya meno, wala majivu. Funika kwa kitambaa safi. Kama ni mtoto mdogo, au kama ni usoni, mikononi au sehemu za siri, au kama malengelenge yanazidi ukubwa wa kiganja chake mwenyewe, njooni hospitalini siku ile ile.

Mgeni akija na mzigo wake, mkaribishe. Mzigo uache barazani mpaka asubuhi, na mkeka wake uupitishe kwenye pipa kabla haujatandikwa. Naye mwambie sababu, huenda kwake nako wanasumbuka.